Turubai Halichimbiwi Msingi: Mhadhara Kuhusu Sinema ya Kutembea Vijijini Palestina

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Wanaonifahamu wameshalisikia neno hili kwangu, nami nitalirudia mpaka lieleweke: katika vijiji vya Palestina ni sinema inayopaswa kuwafuata watu, kwa sababu turubai la kuonyeshea filamu halichimbiwi msingi kama jengo.

Takriban asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, ardhi ya Wapalestina inayokaliwa na Israeli, ni sehemu iitwayo Eneo C, iliyo chini ya mamlaka ya kijeshi ya Israeli, na huko Mpalestina akitaka kujenga hata banda la mbuzi huhitaji kibali ambacho karibu kila mara hunyimwa. Chukueni kijiji cha Jubbet adh-Dhib, karibu na Bethlehemu. Usiku wakazi wake waliziona taa za makazi ya walowezi wa Kiisraeli kwa jirani, ilhali wao hawakuunganishwa na gridi ya umeme, mpaka kamati ya wanawake wa kijiji ilipohangaika na kupatikana mtambo wa sola uliofadhiliwa na Uholanzi. Mwezi Juni 2017 maofisa wa Israeli walifika, wakang'oa paneli 96 na kuondoka nazo, kwa maelezo kwamba hazikuwa na kibali. Majokofu yakazimika. Paneli zilirudishwa miezi kadhaa baadaye, Uholanzi ilipokwisha kulalamika. Sasa niambieni: mahali ambapo jokofu la familia linahitaji kutetewa na serikali ya Ulaya, nani atajenga ukumbi wa sinema?

Lakini turubai letu ni shuka jeupe tu, hufungwa kwa kamba kwenye ukuta wa shule. Projekta ndogo, betri na spika mbili huingia kwenye buti ya gari. Viti kila familia huja na vyake. Vifaa hivyo navyo vyaweza kuzuiwa njiani, sikatai, lakini kesho yake unaweza kuazima vingine ukajaribu barabara nyingine, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa jengo.

Wala msidhani kwamba majengo yanadumu walau mjini. Mji wa Jenin, kaskazini mwa Ukingo wa Magharibi, ulikuwa na jumba la sinema lililofungwa mwaka 1987, ilipoanza intifada ya kwanza, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya utawala wa Israeli, likafunguliwa upya mwaka 2010 kwa jasho la watu wengi, na mwaka 2016 likabomolewa kupisha jengo la biashara.

Najibiwa kila mara kwamba siku hizi kila kijana ana simu ya kutazamia filamu. Jibu hilo linanichosha. Mbele ya shuka, bibi akiona mizeituni kwenye picha hutaja kwa sauti jina la kijiji ambacho wazazi wake walifukuzwa mwaka 1948, Israeli ilipoundwa, na mjukuu aliyeketi mkekani miguuni pake humgeukia amuulize kilikuwa wapi. Swali hilo haliulizwi na mtoto aliyejiinamia na simu yake chumbani.

Tena jambo hili lina wazee wake. Kitengo cha filamu cha Wapalestina kilichoanzishwa Amman, mji mkuu wa Jordan, mwaka 1968 na Mustafa Abu Ali, Sulafa Jadallah na Hani Jawharieh kilipeleka filamu kambini kwa wakimbizi, kikawauliza watazamaji maoni yao, na kuyatumia majibu hayo katika kazi iliyofuata. Jawharieh aliuawa mwaka 1976 nchini Lebanon akiwa kazini na kamera yake.

Naona saa inanikimbiza. Kuhusu wanawake, wanaostahili mhadhara mzima wa peke yao, nitasema tu kwamba Shashat, shirika la Kipalestina la sinema ya wanawake, limekuwa likizungusha filamu za wanawake tangu mwaka 2005, na anayetaka kuanza aanzie kwao. Kuhusu ratiba: wakati wa kiangazi giza halikolei kabla ya saa mbili usiku, na watu wana mbuzi wa kukamua alfajiri, kwa hiyo chagueni filamu fupi. Na ikimalizika, zimeni projekta lakini msikunje shuka. Acheni taa moja iwake, na mwenye gari asubiri nusu saa, maana wazee huanza kusema watoto wanapokwisha kutulia.