Kibali kilikataliwa mara tatu

ZUHURA: Hamjambo nyote mnaotusikiliza. Mimi ni Zuhura, na niko na ndugu yangu Kibwana kama kawaida. Leo tunaanza na tarehe tatu. Kibwana, wasomee.

KIBWANA: 19 Machi 2023. 20 Juni 2023. 31 Julai 2023.

ZUHURA: Hizo ni siku ambazo EPRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli hapa Kenya, ilipokea maombi ya kibali cha kujenga kituo cha kuhifadhi na kujaza gesi ya kupikia mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi. Maombi yote matatu yalikataliwa.

KIBWANA: Halafu Alhamisi usiku, 1 Februari 2024, kama saa tano na nusu hivi, lori lililopakia gesi likalipuka mahali pale pale palipokataliwa. Mlioiona ile video mnajua. Moto ulipanda ukawa mrefu kuliko maghorofa ya jirani. Mtungi mmoja uliruka ukaenda kuangukia ghala la nguo, na ghala likateketea. Kufikia siku ya pili serikali ilikuwa imehesabu watu 3 waliofariki na zaidi ya 270 waliojeruhiwa, na wengine wakafia hospitalini baadaye.

ZUHURA: Watu walikuwa wamelala, Kibwana. Mtoto ameshakula, amefunikwa shuka, kesho kuna shule. Hawakuwa na habari ya hizo barua tatu za kukataa.

KIBWANA: Na hilo ndilo lililonileta kwenye maikrofoni leo. Mdhibiti alisema hapana, akasema mara tatu, na kwenye karatasi kazi yake ikawa imefanyika. Lakini geti lilikuwa wazi na malori yanaingia.

ZUHURA: Tueleze kwanza walikataa kwa nini, maana sababu yenyewe ni somo.

KIBWANA: Ni umbali, dada. Mahali panapowekwa gesi kwa wingi lazima paachwe nafasi kati ya tangi na ukuta wa jirani, kati ya tangi na barabara, na kati ya tangi na pale lori linapopakulia. Michoro ya pale haikutimiza umbali huo. EPRA ikaona pia kwamba eneo limejaa watu, ikamtaka mwombaji alete tathmini ya hatari yenye hesabu kamili. Hesabu hiyo hujibu swali moja gumu: gesi yote hii ikiwaka, joto lake litamuunguza mtu aliye umbali gani, na mshindo utavunja kuta hadi wapi? Unachora duara kwenye ramani, kisha unatazama ndani ya duara hilo wanaishi akina nani.

ZUHURA: Na ndani ya duara la Mradi kulikuwa na nyumba za kupanga.

KIBWANA: Nyumba, maduka, magodauni. Sasa mwenzake mdhibiti, NEMA, wale wa mazingira, ilibainika kwamba leseni ya mazingira ilikuwa imetoka kwao. Siku chache baada ya mkasa wakasimamishwa kazi maafisa 4. Kwa hiyo ofisi moja inasema hapana, nyingine inasema ndiyo, na mwenye biashara anaitundika ukutani ile iliyosema ndiyo.

ZUHURA: Hapo ndipo roho inaponiuma. Mwananchi wa kawaida akiona karatasi ya serikali yenye muhuri, atajuaje kwamba iko karatasi nyingine iliyokataa? Mimi naamini hivi, na nitalisema kila mahali: barua ya kukataa ibandikwe. Ipelekwe kwa chifu, ipelekwe kwa wazee wa mtaa, ibandikwe kwenye geti la hiyo ploti. Barua ikibaki kwenye faili, wanaoijua ni wawili tu, aliyenyimwa na aliyemnyima.

KIBWANA: Naunga mkono kabisa. Tena mtu aliyeomba mara tatu mahali pamoja amekuonyesha mahali pa kwenda kukagua. Na ukaguzi wenyewe uwe wa usiku, kwa sababu hii biashara ya magendo haifanyiki saa nne asubuhi.

ZUHURA: Tuwaeleze wasikilizaji kidogo, maana wengi tunaijua EPRA kwa jambo moja tu.

KIBWANA: Tarehe 14 ya kila mwezi! Jioni hiyo nchi nzima inasubiri bei ya petroli. Ndugu zetu wa Tanzania nao wana EWURA, na wao husubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei ndiyo inayopata vichwa vya habari. Lakini Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, iliyoiunda EPRA kutoka ile tume ya zamani, iliipa pia kazi ya usalama. Anayeingiza gesi, anayeihifadhi, anayejaza mitungi, anayeisafirisha, hadi anayeiuza, wote leseni yao inatoka hapo.

ZUHURA: Sasa ngoja niingie jikoni, maana huko ndiko mimi ninakojua. Mwaka juzi niliamka alfajiri kupika chai. Nikafungua mlango wa jikoni, nikapigwa na ile harufu, kama kitunguu kilichooza. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye swichi ya taa.

KIBWANA: Subhanallah.

ZUHURA: Nikausimamisha pale pale. Nikatembea gizani, nikafunga valvu ya mtungi, nikafungua mlango wa nyuma, nikawatoa watoto nje. Kulipopambazuka nikapaka povu la sabuni kwenye mpira wote wa gesi, na hapo shingoni, unapoingia kwenye regyuleta, vipovu vikawa vinatoka kimoja kimoja. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ule mpira niliuziwa dukani siku moja na mtungi, nikaambiwa ni mpya.

KIBWANA: Na ile harufu hutiwa makusudi, kwa sababu gesi yenyewe haina harufu ambayo mtu angeitambua upesi. Jambo la pili ambalo watu hawalijui ni kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi kutokea dirishani. Inashuka, inatambaa sakafuni kama maji, inajikusanya chini ya kabati na kwenye mfereji. Mtu anafungua dirisha la juu anadhani amemaliza. Fungua mlango!

ZUHURA: Na usiwashe taa, wala usizime iliyowaka. Swichi hutoa cheche kote kuwili.

KIBWANA: Ikifika asilimia 2 tu ya gesi kwenye hewa, cheche inatosha. Na tone moja la gesi ya maji, yaani gesi iliyobanwa mtungini ikawa majimaji, likigeuka hewa linatanuka mara 250 na zaidi. Ndiyo maana mtungi haujazwi pomoni. Hujazwa kama asilimia 80, nafasi inayobaki ni ya kutanukia jua likiwaka. Yule anayemimina kutoka mtungi hadi mtungi usiku nyuma ya nyumba hapimi nafasi hiyo. Anaujaza, anaufunika plastiki iliyofanana na ya kampuni, anaupakia kwenye boda boda akiwa ameulaza.

ZUHURA: Mtungi haulazwi jamani. Ukiulaza, badala ya hewa, gesi ya maji ndiyo inayokaa mdomoni pa valvu. Na pale juu, kwenye kola, pamegongwa uzito wa mtungi mtupu. Mwambie muuzaji aupime mbele yako, utoe uzito ule, ubakiwe na kilo 6 au 13 zako. Ikizidi ni hatari, ikipungua umeibiwa. Kwenye duka lisilo na mizani mimi sinunui kitu.

KIBWANA: Sheria za gesi za 2019 zilitaka kumaliza mchezo huu. Zamani mitungi ilikuwa kama ya wote, unapeleka ya kampuni hii unarudi na ya kampuni ile. Matokeo yake hakuna aliyejali mtungi ambao kesho utakuwa kwa mwenzake. Kutu, valvu imelegea, wanaupaka rangi tu. Sasa ni marufuku kujaza mtungi wa mwenzako bila idhini yake. Mwenye jina kwenye mtungi ndiye wa kuulizwa.

ZUHURA: Tuliguse la malori ya mafuta kwa ufupi, maana tuna ujumbe wa kusoma.

KIBWANA: Kwa ufupi, na kwa huzuni. Sachang'wan, hapa Kenya, 31 Januari 2009. Msamvu, Morogoro, Tanzania, 10 Agosti 2019. Lori limepinduka, watu wamekuja na madumu, moto umewaka, na kila pahali wamekufa zaidi ya watu 100. Ni miaka kumi kati ya mkasa mmoja na mwingine, na habari ni ile ile. Mimi siwalaumu waliobeba dumu. Ninachotaka kujua ni dakika zile za mwanzo. Lori limelala, petroli inamwagika, dereva amejeruhiwa. Nani anafika kwanza, na anafika na nini? Utepe wa kuzungushia? Kipaza sauti? Mpango wa dharura wa msafirishaji usiishie kwenye folda ya kuombea leseni. Ufanyiwe mazoezi barabarani, pamoja na polisi na vijana wa boda boda wa eneo hilo, kwa sababu hao ndio watakaokuwepo.

ZUHURA: Na gari la zimamoto lipate njia ya kupita. Mitaa yetu mingine hata mkokoteni unapita kwa taabu. Haya, ujumbe. Msikilizaji wetu, hataki jina litajwe, anasema nyuma ya nyumba yao kuna uwanja wa mabati. Mchana kimya, usiku wanasikia mitungi ikigongana na harufu inaingia hadi chumbani. Anauliza afanye nini, anaogopa kuonekana mchongezi.

KIBWANA: Ndugu yangu, usiku ule ule unaposikia harufu, usiende kubisha wala kupiga simu ukiwa karibu na ule uwanja. Toka kwanza, sogea mbali, ndipo upige polisi na zimamoto. Asubuhi peleka ripoti EPRA kwa maandishi, na nakala kwa chifu, ubaki na yako yenye tarehe. Wakisema wamepokea, uliza watakuja lini.

ZUHURA: Na akitoka, atoke peke yake?

KIBWANA: Hapana. Agonge kila mlango anaoupita.