Tuanze kutazama mgongo

Ndugu wasimamizi, shati hili jeupe nililivaa asubuhi ya leo. Nilijaza bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya wadudu lita 15 za maji yenye rangi nyekundu, nikapita katikati ya mibuni nikipuliza kama siku ya kazi. Angalieni mbele: madoa madogo kifuani na mikononi. Mibuni ikiwa mirefu mtu hulazimika kuelekeza mrija juu, na kilichorushwa juu humrudia mwenyewe. Sasa naligeuza. Mmeona? Mchirizi mmoja kutoka mabegani hadi kiunoni, na suruali nayo ililowa. Mpira wa kifuniko umechakaa, basi kila nilipoinama maji yalinimwagikia.

Tukiulizwa sumu inaingilia wapi, wengi tunashika pua. Ndiyo maana kitu cha kwanza kununuliwa shambani ni barakoa. Ivaliwe, sawa, lakini kwa anayebeba bomba mgongoni njia kubwa ya sumu ni ngozi, na ngozi ya mwili haiko sawa kila mahali. Nawaomba radhi kwa kulitaja hili wazi: watafiti waliojaribu parathioni, sumu ya kuua wadudu, kwa watu walikuta kwamba ngozi ya korodani hufyonza karibu mara 12 ya ngozi ya mkono chini ya kiwiko. Sasa fuateni tena ule mchirizi, mwone ulikuwa unaelekea wapi.

Parathioni ni ya jamii ya oganofosfeti, sawa na klopirifosi inayopulizwa kwenye kahawa kuua wadudu. Sumu hizi huzima kimeng'enya kinachokata ujumbe wa neva, kwa hiyo neva haiachi kuamrisha. Mate na machozi humtoka mtu, jasho humbubujika, mboni za macho husinyaa kama ncha ya sindano, misuli hucheza. Pumzi ikibanwa, ni kufa. Hospitalini ipo atropini, dawa ya kupinga sumu hizi, ila daktari anahitaji kujua alichopuliza mgonjwa, kwa hiyo mpelekeni na lebo ya dawa. Nguo zivuliwe na mwili uoshwe kwa maji na sabuni mara moja, msingoje gari.

Kinachoniuma zaidi ni wale wasioanguka. Mtu anarudi jioni kichwa kinamgonga, anaona kizunguzungu, chakula hakipiti. Anaambiwa ni jua. Kesho yake analibeba bomba lile lile, wiki nzima, na hakuna aliyemwambia avue shati tuone mgongo.

Kuchanganya ni hatari kuliko hata kupuliza, maana pale dawa bado haijazimuliwa na tone moja lina nguvu nyingi. Glavu zisizopitisha maji zivaliwe tangu kopo linapofunguliwa.

Naona mmekuja na mabomba yenu, kama nilivyoomba. Ndoo za maji ziko pale mlangoni. Tuyajaze, tuyafunge, kisha kila mmoja alilaze lake juu ya gazeti kavu. Tutahesabu yanayovuja.