Kinanda cha Kwaya na Waya Usiobeba Sauti

ZUHURA: Haya, tumerudi. Leo Joel kaja na fuko zima la waya, mpaka chai yangu nimeishika mkononi, meza haina nafasi. Tunaunganisha vifaa vya nje, kinanda na pedali, na programu ya kurekodi muziki kwenye kompyuta. Kaka, kabla hujachomeka chochote, wasimulie kile kisa cha kinanda.

JOEL: Dada Zuhura, hujasahau tu?

ZUHURA: Nisahau vipi?

JOEL: Basi. Niliazima kinanda cha kwaya, Yamaha PSR. Nakichukua Jumatatu, Jumamosi kinatakiwa kanisani kwa mazoezi. Wiki nzima nimepiga nyuzi, filimbi, kila kitu. Kwenye laptopu naziona noti zimejipanga kama askari wa gwaride. Nikakirudisha kwa roho nyeupe. Jumatatu mteja kaja kusikiliza wimbo wake, nabonyeza, ngoma zinalia, nyuzi hamna. Kimya!

ZUHURA: Na noti zipo palepale kwenye skrini.

JOEL: Zipo zinanitazama. Kumbe nilichorekodi ni maelekezo matupu: bonyeza do, kwa nguvu kiasi hiki, achia. MIDI, ile lugha ya vinanda na kompyuta kupeana noti, haibebi sauti hata tone. Sauti ilikuwa ndani ya kinanda, na kinanda kiko kanisani.

ZUHURA: Na ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM kule Marekani, waliunganisha vinanda viwili vya kampuni mbili zinazoshindana, Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland. Unapiga kimoja, kingine kinaitikia kwa sauti yake. Kilichopita kwenye waya ni amri tu.

JOEL: Kwa hiyo njia ni mbili, na watu wengi wanaunga moja. Waya wa USB, au ule wa zamani wa pini tano, unapeleka noti kwenye kinanda. Halafu waya wa jeki, wa kushoto na wa kulia, unarudisha sauti kwenye saundikadi, kile kifaa kinachoingiza na kutoa sauti ya kompyuta. Ukiacha huo wa pili umefanya kama mimi.

ZUHURA: Na ndani ya programu ya kurekodi?

JOEL: Ableton Live na Logic wana kifaa kinaitwa External Instrument, unakiweka kwenye trak moja, yaani mstari mmoja wa kurekodia: noti zitoke wapi, sauti irudi kupitia ingizo gani, basi. Kwenye Reaper mimi naweka trak ya MIDI inayotoka kwenda kwenye kinanda, na trak ya sauti pembeni ya kupokea.

ZUHURA: Kuna meseji tunaipata kila wiki: "Nikipiga noti moja nasikia mbili, sauti nyembamba kama inatokea kwenye bomba."

JOEL: Hiyo ni Local Control. Kinanda kinajipigia chenyewe, na programu nayo inakirudishia noti ileile, inalia tena baada ya kitambo kidogo. Ingia kwenye menyu ya kinanda, zima Local. Ukimaliza kazi washa! Usipowasha, mpiga kinanda wa kwaya atakuja kubonyeza vitufe mbele ya waumini visitoe kitu.

ZUHURA: Hilo nalo limekukuta?

JOEL: Tuendelee na pedali, vile visanduku vya gitaa vya kubadili sauti.

ZUHURA: (anacheka) Haya, pedali.

JOEL: Hapa unatoa sauti iliyokwisha kurekodiwa, tuseme ya muimbaji, inapita kwenye pedali ya mwangwi, inarudi. Tatizo la kwanza ni matundu. Saundikadi nyingi za bei rahisi zina matokeo mawili tu, na yote yameshikwa na spika. Ukipata yenye matokeo manne, la 3 unampa pedali, umepumzika. La pili ni nguvu. Pedali imezoea gitaa, kitu dhaifu. Tokeo la saundikadi lina nguvu zaidi, linaifanya pedali ikwaruze. Shusha kwanza mpaka chini, ndipo upandishe polepole. Kama una kile kisanduku cha riampu, kitumie, kimetengenezwa kwa kazi hiyohiyo.

ZUHURA: Na kuchelewa? Mimi hapo ndipo ninapokata tamaa, mwangwi unarudi nje ya mdundo.

JOEL: Lazima uchelewe, umesafiri. Piga hesabu: bafa, lile fungu la sauti ambalo kompyuta inalikusanya kabla ya kulituma, ikiwa ya sampuli 256, yaani vipande vidogo vya sauti, kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde, ni kama milisekunde 5.3. Kwenda na kurudi inapita 10, bado saundikadi haijachukua chake. Kwa mwangwi mrefu huwezi kugundua. Lakini ukipitisha ngoma kwenye kompresa ya nje, ile ya kubana sauti, kisha ukaichanganya na ngoma ya asili, inasikika kama imepigwa ndani ya pipa.

ZUHURA: Dawa?

JOEL: Mlio wa kupimia. ReaInsert ya Reaper na ile plagini, yaani kiprogramu cha nyongeza, ya I/O ya Logic zote zinao: zinatuma tiki moja, zinasikiliza inarudi lini, zinahesabu sampuli, zinasahihisha. Ila zima spika kwanza, ile tiki haina adabu. Na ukibadilisha bafa, pima upya. Kwenye Live unasogeza mwenyewe kwenye Hardware Latency.

ZUHURA: Mimi naongeza moja. Wimbo wenye kifaa cha nje, ukiutoa kuwa faili, hautoki kwa kasi kama ule wa plagini tupu. Dakika nne zitakuwa dakika nne, kwa sababu kinanda hakijui kupiga haraka kuliko wimbo. Kwa hiyo kila kinachotoka nje kirekodi kiwe sauti kamili kwenye trak yake, kabla hujazima umeme.

JOEL: Au kabla hawajakukatia.

ZUHURA: Hapo umenena. Sasa hii pedali nyekundu, ni yako?

JOEL: Ya jirani. Anaifuata saa kumi.

ZUHURA: Joel, saa hizi ni kumi kasorobo.

JOEL: Ndiyo, nipe huo waya mweusi, dada. Ulio karibu nawe. Haraka.