Vimeng'enya Visivyoogopa Moto

Mhadhara kwa umma uliotolewa Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wanafunzi na wananchi wengine, habari za jioni. Nimeambiwa humu ukumbini kuna wafamasia, watu wa viwandani na wazazi waliosindikiza watoto wao, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe kwa majina ya Kilatini. Mawili matatu hayakwepeki.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi ya kikemikali. Mate yetu yanacho kimoja cha kuvunja wanga. Tafuna ugali mkavu bila kumeza, baada ya muda utausikia mtamu. Shida ya protini ni joto. Ute wa yai ukigusa kikaango hugeuka mweupe, na hakuna fundi wa kuurudisha ulivyokuwa. Vimeng'enya vingi huishia hivyo hivyo, ilhali viwanda haviwezi kuukwepa moto. Chukua wanga wa muhogo au wa mahindi unaotakiwa kugeuzwa sukari. Kiwandani uji wake hupitishwa kwenye nyuzijoto 105 hivi za Selsiasi kwa dakika chache, kisha hushushwa hadi 95 na kukaa hapo saa moja au mbili, na muda wote huo kimeng'enya kimo ndani kinachapa kazi. Kinatoka kwa bakteria aitwaye Bacillus licheniformis, mkazi wa kawaida kabisa wa udongoni. Baadaye, kwenye nyuzijoto 60 hivi, kimeng'enya kingine hugeuza sehemu ya glukosi kuwa fruktosi. Hicho hutolewa kwa Streptomyces, na hao mnawafahamu hata kama hamjui jina lao: ndio wanaoupa udongo ile harufu ya mvua za kwanza.

Vinastahimili vipi? Vimeundwa kwa asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini, zile zile za protini nyingine. Tofauti iko kwenye mkunjo. Sehemu zinazochukia maji zimeshindiliwa ndani barabara, vitanzi vinavyoning'inia nje ni vifupi, na chaji chanya na hasi zimepangwa zikishikana pande nyingi. Joto likija kutikisa, halipati pa kuanzia kufumua.

Viwanda vya ngozi, karatasi na nguo navyo hutumia jamaa za vimeng'enya hivi, lakini nisidanganye kwamba kustahimili moto ni sifa kila mahali. Sisi hapa tunafua kwenye beseni kwa maji ya bomba. Sabuni ya unga ya Mbagala au Tandika haihitaji kimeng'enya cha nyuzijoto 90. Inahitaji kinachofanya kazi kwenye maji ya kawaida na kisichokufa kikihifadhiwa ghalani mwezi wa Februari.

Sasa nije kwenye tiba, maana hapo ndipo jambo hili linatugusa zaidi.

Mwaka 1969 Thomas Brock na Hudson Freeze walichapisha habari za bakteria waliyemtoa kwenye chemchemi ya moto katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Walimwita Thermus aquaticus. Mwaka 1976 watafiti wengine, Alice Chien na wenzake, wakatoa kwake kimeng'enya cha kunakili vinasaba. Haikuwa habari ya gazeti la mtu. Kisha mwaka 1983 Kary Mullis akapata wazo la PCR: chemsha vinasaba nyuzi zake mbili ziachane, poza, nakili, rudia tena na tena, na kila mzunguko nakala zinakuwa maradufu. Mwanzoni walitumia kimeng'enya cha bakteria wa tumboni, na kila walipochemsha kilikufa. Mtu alilazimika kusimama pale akiongeza kingine kila mzunguko. Kilipoingizwa kile cha Yellowstone, ikawa unafunga kichupa, unawasha mashine, unaondoka. Mullis alipata tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kabla ya hapo, mwaka 1991, kampuni ya Hoffmann-La Roche ilikuwa imenunua haki za PCR kwa dola milioni 300, na hifadhi alikotoka yule bakteria haikuambulia kitu. Wenzetu wa sheria, hilo mlichukue mlijadili.

Faida yake mmeiona. Mtoto wa mama mwenye VVU hawezi kupimwa kwa kipimo cha kawaida cha kingamwili, maana za mama anaweza kubaki nazo hadi miezi 18. Anachomwa kisiginoni, matone ya damu yanakaushwa kwenye karatasi, karatasi inapelekwa maabara, na PCR inatafuta kirusi chenyewe. Mashine za kupima kifua kikuu zinazotoa majibu ndani ya saa mbili zinafuata njia hiyo hiyo.

Lakini bakteria ninayempenda mimi si wa Yellowstone. Ni Geobacillus stearothermophilus. Huyu alielezwa mara ya kwanza mwaka 1920 kama mharibifu wa vyakula vya makopo; spora zake, yaani chembe ngumu anazojigeuza ili asalimike, zilivumilia kupikwa kulikoua wengine wote. Wauguzi wa vyumba vya upasuaji wanamjua kwa kazi nyingine. Kichupa chenye spora zake huwekwa pamoja na vyombo kwenye mashine ya mvuke yenye nyuzijoto 121. Baadaye kichupa kinatunzwa kwenye joto la 55 hadi 60. Rangi ikigeuka, spora zimepona, na mzigo mzima unarudiwa.

Kimeng'enya chake cha kunakili vinasaba huitwa Bst. Hakivumilii kuchemshwa, kwa hiyo PCR hakiiwezi. Lakini mwaka 2000 Wajapani, Notomi na wenzake, walionyesha njia iitwayo LAMP: joto moja tu, karibu nyuzijoto 65, bila kupanda wala kushuka, na jibu linaonekana kwa macho kwa kubadilika rangi au kupata ukungu. Kwa malaria kwenye zahanati isiyo na mashine ya mamilioni, hilo si jambo dogo.

Na huyu huhitaji kumfuata kwenye chemchemi za Songwe au Manyara, ingawa huko nako kunafaa kwendwa. Spora zake husafiri na upepo, ziko hata kwenye udongo wa baridi. Lundo la maganda kama yale ya soko la ndizi la Mabibo likikaa siku kadhaa, katikati yake hufika nyuzijoto 60 na kitu. Asubuhi baada ya mvua utaona linafuka.

Mwanafunzi anaweza kufanya hivi: gramu moja ya mboji ile kwenye maji safi, pasha nyuzijoto 80 kwa dakika kumi ili wasio na spora wafe, mwaga tone kwenye kisahani chenye aga (utomvu mgumu wa kuoteshea bakteria) na wanga, kiweke kwenye kabati la nyuzijoto 60. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki, vinginevyo aga itakauka na kupasuka kabla ya kesho. Bakteria wakishaota, mwagia iodini. Kisahani chote kinakuwa bluu-nyeusi, isipokuwa duara jeupe kuzunguka kila koloni, yaani kundi la bakteria, lililokula wanga. Tahadhari: spora za pepopunda na kimeta nazo huvumilia zile dakika kumi, kwa hiyo kazi hii ni ya maabara, si ya jikoni.

Kupata duara ni rahisi. Rafu zetu zimejaa tasnifu zenye picha za maduara hayo, na mimi nimesimamia baadhi. Kinachokosekana ni chupa yenye kimeng'enya kilichosafishwa, kinachofanya kazi leo sawasawa na mwezi ujao. Tunaagiza. Nimeona sanduku la vitendanishi, yaani kemikali za vipimo, likisubiri karatasi mpaka barafu kavu ikaisha, na tukatupa vyote. Sitataja wapi.

Ilhali usafishaji wa vimeng'enya hivi una njia ya mkato. Jeni ya Bst ukiihamishia kwa bakteria wa kawaida wa maabara, wakikua unawavunja na kuupasha mchanganyiko nyuzijoto 65 hivi kwa nusu saa. Protini nyingi za mwenyeji, yaani bakteria hao, zinaganda, unazizungusha kwa mashine zikae chini, Bst inabaki juu. Haijawa safi kabisa bado. Vinasaba vya mwenyeji lazima viondolewe, la sivyo kipimo kitaona ugonjwa usiokuwepo. Lakini ni kazi inayowezekana kwa vifaa ambavyo baadhi ya maabara za mji huu tayari zinavyo. Hataza, yaani haki za uvumbuzi, za msingi za PCR zilikwisha muda wake Marekani mwaka 2005. Dawa ya kuchomwa mwilini sikushauri kuanzia. Masharti yake ya usafi ni mlima mwingine. Ningeanza na vimeng'enya vya vipimo vya utafiti na kufundishia, vikaushwe viweze kukaa rafuni bila friji, na wateja wa kwanza wawe vyuo vyetu vyenyewe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wanaotaka kuchota udongo kwenye hifadhi, kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwanza. Karibuni maswali, na naomba tuanze na wale wa nyuma.