Saa Mbili Ndani ya Sanduku

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nieleze jinsi nilivyotengeneza nyumbani, kwa muda wangu wa mapumziko, mashine ya kuigiza safari ya wakati. Naona wengine mmeshaanza kulichungulia sanduku hili hapa mbele. Lichunguzeni tu, na baadaye atakayetaka atapanda.

Hiki ni kiti, mbao, nyaya, kompyuta ndogo ya kibao kimoja, na skrini juu ya kichwa cha abiria. Hakimpeleki mtu popote. Lakini tangu siku ya kwanza nilijiwekea sharti: kila tarakimu itakayowaka humu iwe ya kweli. Taa za kumetameta na mngurumo chini ya kiti mtu anaweza kuvifunga kwa siku mbili. Mimi nilitaka mtoto akishuka hapa awe amejifunza jambo la kweli kuhusu wakati.

Ndiyo maana moyo wa mashine ni saa hizi mbili. Ya kushoto ni ya abiria, ya kulia ni ya waliobaki nje. Wenzo huu unaweka mwendo wa safari, maana anayekwenda kasi sana saa yake huenda polepole kuliko za waliobaki. Ukiwa umelala, zinakwenda pamoja. Sasa nausukuma. Hapa ni nusu ya mwendo wa mwanga, karibu kilomita 150,000 kwa sekunde. Mnaona? Tofauti ni ndogo. Abiria akikaa mwaka mmoja, nje umepita mwaka na siku 56 hivi. Nasogeza hadi asilimia 90: mwaka wa ndani ni miaka 2.3 ya nje. Asilimia 99, miaka 7. Asilimia 99.9, miaka 22. Wenzo nimeufunga springi inayozidi kukaza kadiri unavyousukuma, ili mkono nao ujue kwamba kipande hiki cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote.

Hesabu yake inatosha kwenye mstari mmoja wa programu. Unagawanya mwendo wako kwa mwendo wa mwanga, unazidisha jibu kwa lenyewe, unalitoa kwenye moja, unatafuta kipeuo cha pili, kisha unagawanya moja kwa ulichopata. Albert Einstein alieleza maana yake mwaka 1905. Na jambo hili limepimwa. Oktoba 1971, wanasayansi Joseph Hafele na Richard Keating walipanda ndege za kawaida za abiria na saa za atomu za sesiamu, zilizo sahihi mno, wakaizunguka dunia mara mbili, mara moja kuelekea mashariki na mara moja kuelekea magharibi. Saa zilizokwenda mashariki zilirudi zimechelewa nanosekunde 59, yaani sehemu 59 za bilioni za sekunde, na zilizokwenda magharibi zimetangulia nanosekunde 273, maana ardhi yenyewe huzunguka kuelekea mashariki, na saa iliyo juu, ambako mvutano wa Dunia ni mdogo, huenda haraka zaidi. Hata simu iliyo mfukoni mwako inategemea hesabu hii, pamoja na ile ya mvutano. Saa za setilaiti za GPS hutangulia za ardhini kwa maikrosekunde 38 hivi kila siku, yaani sehemu 38 za milioni za sekunde, kwa kuwa huko juu mvutano huongeza kasi ya saa kuliko mwendo unavyoipunguza. Zisiporekebishwa, ramani itapotoka kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku moja tu.

Kuna hitilafu iliyonisumbua wiki mbili, nami naitaja kwa ajili ya atakayejenga yake. Chini ya kiti kuna mota yenye uzito uliokaa upande, ndiyo inayotikisa. Kila ilipozimika, saa zote mbili zilirudi sifuri. Nilibadilisha nyaya, nikalehemu upya kila kiungo, wapi! Kumbe mota ikikatiwa umeme, koili yake hurusha volti ya kinyume, na mshtuko huo unaifanya kompyuta ianze upya. Dawa yake ilikuwa dayodi moja, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kati ya miguu miwili ya mota, ikielekezwa kinyume cha umeme wa kawaida, na mota kupewa betri yake. Tangu hapo haijarudia.

Hayo yote ni ya kwenda mbele. Kurudi nyuma sikutaka kukudanganyeni. Maji yakimwagika hayazoleki, na hakuna jaribio lililowahi kumrudisha mtu jana. Lakini zamani tunaweza kuiona, tena kila usiku. Mwanga wa Jua hutufikia baada ya dakika 8 na kidogo, wa nyota ya Sirius baada ya miaka 8.6, na wa galaksi ya Andromeda baada ya miaka milioni 2.5. Kwa hiyo nobu hii ya pili inaendesha anga. Upande mmoja nimeandika jana na juzi, upande wa pili kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo, kisha tarakimu zinapokea. Picha inatoka kwenye Stellarium, programu ya bure. Nikirudi hadi miaka 2,700 kabla ya Kristo, nyota ya kaskazini si hii tunayoijua, ni Thuban, maana mhimili wa Dunia unayumba kama pia na hukamilisha duara moja kwa miaka 26,000 hivi.

Hapo ndipo kalenda iliponikamata. Mashine ilinionyesha tarehe 10 Oktoba 1582, na mimi nimeapa kusema kweli! Italia na Hispania hazikuwahi kuwa na siku hiyo. Walilala tarehe 4, wakaamka tarehe 15, kalenda mpya, hii tunayoitumia leo, ikiwa imeanza. Uingereza ilisubiri hadi 1752, ikaruka kutoka tarehe 2 Septemba hadi 14. Basi tarehe peke yake haitoshi, lazima uulize ni ya wapi. Nikaiga wanaastronomia, ambao huhesabu siku mfululizo kuanzia 1 Januari 4713 kabla ya Kristo, kwa kalenda ya zamani. Ndani, mashine inajua namba hiyo tu. Kalenda ni vazi inalovaa inapotoka mbele za watu, na nchi unaichagua kwa swichi hii.

Nani anaanza? Mama, karibu, kaa, shika hapo. Tukupeleke mwaka gani? Usiku uliozaliwa, vizuri. Nitajie tarehe na saa. Zungusha taratibu… hapo, achia. Jamani, tazameni juu: hivi ndivyo nyota zilivyokaa alipokuwa akilia kwa mara ya kwanza.