Mbona unasema maisha magumu halafu tunakuona sinema? Nawajibu leo

Habari zenu wapendwa. Leo sina utangulizi mrefu, maana swali ni lile lile na limejaa kwenye komenti: "Dada, juzi umetuambia viza imekumaliza, mbona umeweka picha uko sinema unakula bisi?" Wengine mmeuliza kwa upole, nawashukuru. Wengine mmeshanihukumu kwamba naringa. Na wapo wanaosema kila video nalalamika, kama Uingereza kumenishinda nirudi nyumbani. Jamani, siringi na silalamiki. Nilikwenda kuangalia filamu ya kuchekesha, nikacheka, nikarudi kwangu.

Tuanze na hela, najua ndiyo mnayoisubiri. Tiketi yangu ilikuwa pauni 7.99, kwa shilingi zetu za Tanzania wakati ule kama elfu 27. Kima cha chini cha mshahara hapa kuanzia Aprili 2024 kilikuwa pauni 11.44 kwa saa kwa mwenye miaka 21 kwenda juu. Kwa hiyo tiketi haikufika hata saa moja ya kazi ya chini kabisa. Na zile bisi mlizoziona kwenye picha nilizikaanga mwenyewe nyumbani nikazifunga kwenye mfuko. Ukumbi niliokwenda mimi wanaruhusu uingie na chakula chako ilimradi kisiwe cha moto. Za kwao pale kaunta, bakuli moja bei yake inaikaribia tiketi, na sijawahi kununua.

Sasa linganisheni na kile ninachokiita maisha magumu. Tangu Februari 2024 ada ya afya, yaani ile unayolipa pamoja na maombi ya viza ili utibiwe hospitali za serikali, ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima mwenye viza kama yangu. Mimi nipo kwa viza ya mwenza. Ukihuisha kwa miaka miwili na nusu, unalipa ada hiyo yote kwa mkupuo, pauni 2,587.50, na ada ya viza yenyewe bado hujaigusa. Wakati huo huo kwenye mshahara nakatwa kodi na bima ya taifa sawasawa na mwenzangu aliyezaliwa hapa. Hiyo ada peke yake ni tiketi zaidi ya 300. Nikijinyima sinema mpaka nizeeke, haitalipika kwa njia hiyo. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "punguza starehe ulipe viza", naona hajakaa na karatasi hizi mezani.

Haya, filamu yenyewe. Ni ya yule dubu Paddington, hii ya tatu inaitwa Paddington in Peru, ilitoka hapa Uingereza tarehe 8 Novemba 2024. Najua mtasema ni ya watoto. Hapa kila filamu inapewa alama ya umri, na hii ina PG, yaani mtoto anaruhusiwa ila mzazi aangalie mwenyewe kama inamfaa wake. Lakini ule ukumbi siku ile nusu yake walikuwa watu wazima wasio na mtoto yeyote, na wazee wawili nyuma yangu walicheka mpaka mmoja akakohoa.

Kwa wasiomjua: ni dubu aliyetoka Peru akaja London peke yake, akakutwa kwenye stesheni ya Paddington na kikaratasi shingoni kinachoomba watu wamtunze. Aliyemtunga, Michael Bond, kitabu chake cha kwanza kilitoka 1958, na alieleza kwamba wazo la kile kikaratasi lilimjia kwa kuwakumbuka watoto waliohamishwa kutoka London wakati wa Vita ya Pili, wamevalishwa majina shingoni, begi mkononi, wanapelekwa kwa watu wasiowajua. Ukishalijua hilo, huwezi kumwona yule dubu kama mchezo tu. Ni mgeni. Anasalimia kila mtu, anavua kofia, anaharibu bafu la watu kwa nia njema, na anaamini kwamba ukiwa na adabu watu watakupokea.

Na mapema kwenye hii ya tatu kuna nini? Pasipoti! Dubu amepata pasipoti ya Uingereza. Kwanza anahangaika kwenye kile kibanda cha kupigia picha, na hapo mimi nilianza kucheka kabla ya wenzangu, kwa sababu nazijua zile sheria: usitabasamu, mdomo ufungwe, kofia uvue, nyuma pawe na rangi moja hafifu. Picha yangu imeshawahi kurudishwa kwa ajili ya kivuli. Na kuna hili ambalo limenifurahisha kuliko vyote: watengenezaji walipoiomba Wizara ya Mambo ya Ndani ya hapa nakala ya kutumia kwenye filamu, walipewa pasipoti rasmi ya mfano yenye jina lake, na kwenye sehemu ya maelezo wameandika kwamba ni dubu. Walisimulia wenyewe kwenye jarida la Radio Times. Mimi nikasema, basi hata wale watu wa karatasi wana mioyo.

Akishaipata pasipoti, anafunga safari kurudi Peru kumwona Shangazi Lucy aliyemlea. Hapo, wapendwa, mnisamehe kidogo. Shangazi yangu aliyenilea Muheza alifariki wakati maombi yangu ya viza hayajajibiwa. Sheria yao, ukitoka nje ya nchi kabla ya jibu, maombi yanahesabika umeyafuta, na ada ya maombi imekwenda. Nilizika kwa simu. Mtu alishika kamera, mtandao ukawa unakatika, nikasikia dua nusu nusu. Kwa hiyo dubu alipoonyesha pasipoti yake na safari ikaanza, nilicheka huku nalia, na sikuona aibu. Ndugu yangu mmoja aliichukua picha yangu ya siku hiyo hiyo akaiweka kwenye kikundi cha ukoo, akaandika kwamba mchango wa harusi sina ila hela ya sinema ninayo. Hakunipigia kuniuliza. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Na wakati tupo hapo, pasipoti ya Uingereza nikiitaka mimi, sheria yetu Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Rafiki zangu Wakenya wanashika zote tangu Katiba yao ya 2010. Mimi ningelazimika kuchagua. Tumelisema sana kwenye chaneli hii, silirudii.

Mmeniuliza pia Waingereza wanachekea nini, kwa sababu mmeziangalia filamu zao mkaona watu wanaongea tu. Kwa ninavyoona mimi, wanachekea aibu. Mtu amekosewa lakini anaomba radhi yeye. Ukumbini hawapigi makelele kama tulivyozoea, hakuna anayemwambia mwigizaji "usiingie humo!" Wanacheka chini chini, kisha ghafla ukumbi mzima unalipuka. Na dubu huyu ana kitu mtakachokielewa bila mkalimani: Shangazi Lucy alimfundisha jicho. Mtu akikosa adabu, anamkazia macho mpaka anaanza kutoka jasho. Ni lile jicho la mama mbele ya wageni, ukitaka kuchukua andazi la pili. Nilikuwa nacheka na moyoni nawaona akina mama wa mtaani kwetu.

Wenye watoto, msianze na hii. Tafuteni ya kwanza ya 2014, halafu ya pili ya 2017. Ya pili kwangu ndiyo tamu zaidi. Dubu anafungwa jela kwa wizi ambao hakuufanya, anawekwa dobi, soksi nyekundu inaingia kwenye nguo za wafungwa, gereza zima linavaa waridi. Na Hugh Grant anaigiza msanii aliyechuja, sijamwona akifurahia kazi namna ile.

Kwa mliopo huku na lafudhi zinawachosha, kumbi nyingi zina maonyesho yenye maandishi chini, tafuteni kwenye ratiba, bei ni ile ile. Asubuhi za wikendi kuna maonyesho ya familia ya bei ndogo zaidi, ila ni filamu zilizokwisha toka kitambo. Na fikeni mkijua matangazo yanakula karibu nusu saa.

Lakini haya ni yangu mimi. Sijui deni lako, sijui zamu zako, sijui unatuma kiasi gani nyumbani. Kama kodi ya nyumba haijalipwa, lipa kodi. Mimi nilikuwa nimelipa, nimetuma, nikabakiwa na saa mbili za jioni zilizokuwa zangu.

Ndugu yangu wa kikundi cha ukoo, najua unaangalia. Mchango wako nautuma mshahara ukiingia, kiasi kile kile nilichoahidi kwenye kadi. Kesho yake nampeleka mwanangu akamwone dubu. Nipigie ukipenda, nitapokea.