Karatasi ya Mahudhurio

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa vijiji mliotoka Msimbati, Madimba na mliosafiri kutoka Kilwa na Ruangwa, ndugu zangu wa makampuni: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimekuwa afisa maendeleo ya jamii katika mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, mpaka nilipostaafu. Nimeombwa nizungumzie namna makampuni ya gesi na madini yanavyoweza kuwashirikisha wananchi katika maamuzi. Nianze na jambo ambalo mpaka leo linaniuma.

Miaka ya nyuma kampuni moja ilifika katika kijiji nilichokuwa nakihudumia. Tukaita mkutano chini ya mwembe. Mgeni akazungumza saa nzima, akaonyesha ramani, akataja ajira na barabara. Mimi ndiye niliyezungusha karatasi ya mahudhurio. Wanaojua kuandika wakaandika, wasiojua wakaweka dole gumba, wakapewa soda, wakarudi makwao. Miezi ikapita, nikaiona karatasi ile ile imebanwa nyuma ya ripoti, na ndani ya ripoti imeandikwa kwamba wanakijiji wameuridhia mradi. Dole gumba la bibi mmoja lilikuwamo. Bibi huyo alisimama siku ile akauliza makaburi ya wazee wake yatakwenda wapi, na hakuna aliyemjibu. Swali lake halikuandikwa popote. Dole gumba lake liliandikwa kuwa ndiyo.

Ndugu zangu wa makampuni, mimi nawaombeni kitu kimoja tu, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo. Mkishamaliza mikutano yenu, nionyesheni jambo moja katika mpango wenu lililobadilika kwa sababu mwanakijiji alisema. Njia ya bomba iliyosogezwa, tarehe iliyoahirishwa, kisima kilichohamishwa. Kama hakuna hata moja, mlikuja kutoa tangazo.

Sisi wa kusini tunajua gharama ya tangazo. Gesi ya Songo Songo kule Kilwa iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay hapa Mtwara mwaka 1982. Watu wamekaa na habari ya gesi yao kwa miaka mingi, wengine wamezaliwa na kuzeeka nayo, na matumaini yalipopanda tukasema wenyewe, Mtwara kuchele, yaani kumekucha. Kisha Novemba 2012 jiwe la msingi la bomba la kwenda Dar es Salaam likawekwa kule Kinyerezi. Desemba 27 watu wa Mtwara wakaandamana kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam. Januari 2013 mambo yakachafuka, na ndipo Waziri Mkuu Mizengo Pinda alipokuja kukaa na makundi mbalimbali kusikiliza na kueleza. Mei 22, hotuba ya bajeti ya nishati iliposomwa bungeni, mji huu ukaingia tena katika vurugu, na wanajeshi wakaletwa. Kuna familia humu mjini zilizofiwa. Itazameni ile kalenda: jiwe la msingi kwanza, mazungumzo baadaye. Sisemi kwamba bomba lilikuwa kosa. Lilijengwa, limefanya kazi, kwa miaka kadhaa umeme mwingi wa nchi hii ulitokana na gesi. Nasema aliyekuja kuzungumza Januari alikuta uamuzi umeshafungwa, na mtu ukimwita kwenye mazungumzo ambayo jibu lake lipo mfukoni mwako, anajua.

Wapo wanaosema wanakijiji hawawezi kuamua mambo ya kitaalamu. Wanaosema hivyo waende mnadani msimu wa korosho. Mkulima wa Newala anakaa na wenzake wa chama cha msingi cha ushirika, bei za wanunuzi zinasomwa mbele yake, na ana haki ya kukataa. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei, na nchi nzima ikasikia. Mtu huyo anajua makato, anajua madaraja ya korosho, anajua ushuru. Utamwambiaje hawezi kuelewa fidia ya shamba lake? Kinachofanya mnada uwe mnada ni ile nafasi ya kusema hapana. Na hapana ya mkulima haiui biashara. Inawarudisha watu mezani.

Sasa nije kwenye mambo madogo, ambayo kwangu ndiyo makubwa.

Siku ya mkutano inachaguliwa na nani? Kwa kawaida anaichagua dereva wa gari la kampuni, maana yake ratiba yake. Katika vijiji vya pwani, maji ya bamvua yakija, yale yanayojaa na kupwa sana, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, akina mama wako miambani wanachokoa pweza. Ukiita mkutano asubuhi ya bamvua umewaacha nje wale wale ambao bomba au gati litawagusa kwanza. Halafu utaandika kwamba wanawake hawakujitokeza. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000, watu wake wanaishi na masharti ya hifadhi na masharti ya gesi kwa pamoja. Siku ya kupwa kwa maji kwao ni siku ya mshahara. Ulizeni kabla ya kupanga. Vivyo hivyo Oktoba mpaka Desemba, watu wako kwenye mikorosho wanaokota. Na mwezi wa Ramadhani msilete mkutano wa saa nane mchana.

Jambo la pili ni ardhi, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu nimeona nyumba zikivunjika. Kwa Wamakonde na Wamwera ukoo unafuata upande wa mama. Mara nyingi mwanamume amehamia kwa mkewe, analima shamba la ukoo wa mke, na mwenye sauti juu ya shamba lile ni mjomba. Anakuja mthamini na fomu, anauliza mkuu wa kaya ni nani, anaandika jina la mume. Fidia inaingia kwenye simu ya mume. Wiki hiyo hiyo mjomba na dada zake mke wako mlangoni. Kampuni inasema imelipa, na ni kweli imelipa, ila kijiji kimeingia ugomvi ambao hautaisha. Kabla ya kufungua fomu, kaa na wazee wa ukoo, mama zao wakiwepo, mwulizane shamba hili ni la nani kwa mila na kwa sheria. Ni kazi ya siku nyingi. Ni nafuu kuliko kesi.

Kwa sheria nitapita haraka, wanasheria mpo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitaka kuhawilishwa, yaani kutolewa mikononi mwa kijiji, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Wenyeviti, si ninyi peke yenu na mtendaji, ni watu wazima wote wa kijiji. Na kiasi, aina na wakati wa kulipwa fidia vinakubaliwa kabla ardhi haijahama. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira zinataka muhtasari wa Kiswahili, kwa hiyo usikubali kitabu cha Kiingereza cha kurasa mia nne. Kwa madini, marekebisho ya mwaka 2017 yanaitaka kampuni ikubaliane na halmashauri kuhusu mpango wake wa kila mwaka wa kusaidia jamii. Shida ninayoiona ni kwamba makubaliano yanaishia halmashauri. Kijiji kinashtukia kimejengewa darasa wakati kilikuwa kinalilia maji. Halmashauri ibebe orodha iliyotoka kijijini, na ikirudi, irudi na sababu za vilivyokatwa.

Nimalizie pale nilipoanzia. Muhtasari wa mkutano usomwe kwa sauti pale pale kabla watu hawajatawanyika, maswali yote yakiwemo na majina ya walioyauliza wakikubali. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji na nyingine ibandikwe ukutani. Karatasi ya mahudhurio iandikwe juu kabisa, kwa herufi kubwa: KUHUDHURIA TU. Mkutano wa pili ufunguliwe kwa majibu ya mkutano wa kwanza, swali kwa swali, hata kama jibu ni hapana.

Yule bibi ameshafariki. Makaburi yalihamishwa, ndugu zake wakapata habari siku trekta lilipofika. Mjukuu wake yupo hapa ukumbini leo, mwenyekiti, amekaa safu ya tatu. Amekuja na swali la bibi yake limeandikwa kwenye daftari. Naomba kipaza sauti kianzie kwake.